Pedali ya breki ilizama Kitonga, chini ikarudi yenyewe

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah old model ya otomatiki, naishi Dar es Salaam. Tulikwenda Njombe msibani, tukarudi watu wanane na magunia mawili ya viazi nyuma. Kushuka mlima Kitonga tulikuwa nyuma ya lori, gia ikiwa D, mguu wangu juu ya breki karibu njia nzima. Katikati nikasikia harufu ya kuungua, kisha pedali ikalegea na kuzama hadi karibu na sakafu. Nikapampu haraka haraka ikashika kidogo, Mungu akatusaidia tukafika chini. Tulipumzika Ruaha Mbuyuni kama saa nzima, breki zikarudi kawaida. Fundi wangu amekagua, anasema breki nzima. Mume wangu anasema ningetia frii (N) gari lipumue. Nini kilitokea, na Desemba tukirudi nishuke vipi? Halafu siku hiyo hiyo pale Mikumi nyani walikatiza barabara, nikafunga breki kwa nguvu, pedali ikatetemeka na kunigonga mguuni, nikaogopa nikaachia. Nao ni ugonjwa ule ule?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba.

Kwa kifupi, breki zako hazikukatika. Zilizidiwa na joto hadi mafuta ya breki yakachemka. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mabomba, na mvuke ukiusukuma unajibana tu, hausukumi kitu mbele yake. Yalipopoa pale Ruaha Mbuyuni mvuke ukarudi kuwa majimaji, pedali ikapanda, na ushahidi wote ukatoweka. Kwa hiyo fundi wako hakukudanganya. Alikagua gari lililopoa. Ila hakuuliza lilikuwa likifanya nini pedali ilipolegea, na hapo ndipo jibu lilipokuwa.

Tuangalie kwanza kinachotokea chini ya mguu wako. Pedali inasukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda, ile yenye kichupa cha mafuta ya breki juu yake. Mafuta hayo hayabaniki, kwa hiyo nguvu unayoitoa mguuni inasafiri nzima nzima kupitia mabomba na hosi hadi kwenye magurudumu. Mbele inasukuma pistoni za kalipa, kile kibanio kinachoikumbatia diski, pedi zinaibana diski pande mbili. Nyuma, kwa magari mengi ya umri wa lako, inatanua viatu vya breki ndani ya dramu. Masta silinda ya siku hizi imegawanyika vyumba viwili, kila kimoja na njia yake ya mafuta, ili bomba moja likipasuka magurudumu yanayohudumiwa na njia ya pili yabaki na breki. Mgawanyo huo haukukusaidia Kitonga kwa sababu joto halikuchagua upande.

Kati ya pedali na masta silinda kuna busta, lile kopo kubwa jeusi la duara. Linatumia mvuto wa hewa wa injini kukuongezea nguvu. Injini ikizimika linabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama umekanyaga ukuta. Breki bado zipo, lakini zinataka nguvu ambayo wengi wetu hatuna mguuni. Likumbuke hilo, litarudi nikifika kwa shemeji na frii yake.

Sasa joto. Kazi ya breki ni moja tu, kugeuza mwendo kuwa joto na kulitupa hewani. Ukisimamisha gari mara moja kutoka kilomita 80 kwa saa, diski zinapata joto, kisha unaendesha kilomita kadhaa upepo unazipoza. Barabara ya tambarare inakupa muda huo. Mteremko mrefu haukupi. Chukua mteremko unaokushusha mita 400 kwa wima. Nguvu ambayo gari linaipoteza kwa kushuka kimo hicho ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 mara 16 mfululizo. Uzito hauingii katika hesabu hiyo ya mara ngapi, lakini unaingia kwenye ukubwa wa joto lenyewe: watu wanane, mizigo yao na magunia mawili ya viazi vinaifanya Noah ikaribie au ipite tani mbili, na diski ni zile zile zinazobeba gari tupu.

Tuiweke kwa namna nyingine. Tuseme kila mita 100 za barabara zinakushusha mita 7, na unakwenda kilomita 40 kwa saa. Upepo na matairi vitakula sehemu ya nguvu hiyo, na injini ikiwa D katika gia ya juu itakula kidogo sana. Kinachobaki kwa breki zako ni zaidi ya wati 10,000, kwa dakika nane au tisa bila kupumzika. Hizo ni pasi za umeme zaidi ya kumi, zote zimewashwa, zote zimebanwa kwenye vyuma vinne vidogo. Mwendo wa polepole nyuma ya lori ukapunguza na upepo wa kupoza. Harufu uliyoisikia ilikuwa pedi na viatu vya breki. Kilichofuata ni joto hilo kupenya kwenye pistoni za kalipa na kuingia kwenye mafuta.

Hapa nitenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, maana dawa zake hazifanani. Kuna pedi kuzidiwa na kuna mafuta kuchemka. Pedi zikizidiwa, pedali inabaki juu na ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote, lakini gari halishikiki, linateleza tu na harufu yake. Mafuta yakichemka, pedali inakuwa laini na inazama. Wewe ulianza na la kwanza kwa mbali, kisha likakupata la pili, ambalo ni baya zaidi. Na ndiyo sababu kupampu kulisaidia. Kila ulipokanyaga na kuachia, masta silinda ilichota mafuta mengine kutoka kwenye kichupa ikayasukuma mbele, ikaubana ule mvuke hadi pedi zikagusa diski. Ulifanya sawasawa.

Swali linalofuata ni kwa nini mafuta yako yalichemka mapema, wakati Noah nyingi zinashuka pale zimejaa watu na hazipatwi na hili. Nitabashiri, na nitashangaa nikikosea: mafuta hayo ni ya zamani. Gari limefika kutoka Japani, limebadilishwa oili ya injini kila baada ya miezi michache, limebadilishwa pedi, na mafuta ya breki hayajaguswa na mtu ila kuongezwa. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yanaunyonya kupitia hosi za mpira, kupitia mfuniko wa kichupa, taratibu, mwaka hadi mwaka. Gari linalolala Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa linaishi ndani ya unyevu huo.

Kwenye kopo utaona maandishi DOT 3 au DOT 4. Kiwango kinadai kwamba DOT 3 mpya isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya maji, karibu asilimia 3.7 tu, kiwango kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 mpya ni nyuzi 230, yenye maji ni 155. Yaani miaka michache ya hewa ya pwani inaweza kukunyang'anya zaidi ya nyuzi 60 za usalama, na katika foleni za Mwenge au Buguruni hutajua kamwe, kwa sababu pale breki hazipati joto la kutosha kukuumbua. Zinakuumbua siku ya kwanza mlimani. Watengenezaji wengi wa magari wanataka mafuta haya yamwagwe na kuwekwa mapya kila baada ya miaka miwili hivi. Hata kama kichupa kimejaa. Kujaa si hoja, hoja ni umri.

Hivyo agiza yote yabadilishwe, si kuongezewa. Fundi ayasukume yale ya zamani yatoke kwenye kila gurudumu hadi yaje masafi, huku akitoa upepo ulionaswa kwenye mabomba. DOT 4 inaingia vizuri kwenye gari lililoandikiwa DOT 3, na zinachanganyika bila ugomvi. Isipokuwa DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haipatani na hizo nyingine. DOT 5.1, licha ya jina kufanana, ni ndugu wa 3 na 4. Kopo liwe jipya, lifunguliwe mbele yako, na yanayobaki usiyatunze rafuni mwaka mzima, maana kopo lililokwisha kufunguliwa nalo linakunywa unyevu. Na nisisikie mtu ameongeza oili ya injini, mafuta ya hidroliki au maji ya sabuni kwa sababu duka lilikuwa limefungwa. Oili inavimbisha mipira ya ndani ya masta silinda na kalipa, na ukarabati wake utakugharimu mara nyingi zaidi ya kopo la mafuta halali.

Sasa kushuka, na hapo nina neno na shemeji.

Frii ni kosa, na ni kosa kubwa kuliko ulilolifanya wewe. Ukiwa D angalau injini ilikuwa bado imeunganishwa na magurudumu. Ukitia frii umeikata, na mzigo wote, hadi tone la mwisho, unabaki kwa breki. Wanaotetea frii husema gari linapumua na mafuta yanaokolewa. Halipumui chochote. Kuhusu mafuta, gari lenye injekta likiwa kwenye gia, mguu umeondoka kwenye eksileta na injini inazunguka kwa kasi ya kutosha, kompyuta yake inafunga injekta kabisa, halinyunyizi petroli. Ukilitia frii inabidi linyunyize ili injini isizime. Kwa maana hiyo anayeshuka frii anachoma petroli zaidi ya anayeshuka kwenye gia nzito, yaani ya namba ndogo. Hoja ile ilikuwa na uzito enzi za kabureta. Kenya, kipande cha Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kilijipatia jina baya kwa ajali za malori, na tabia ya kuachia gia ili kubana matumizi ya mafuta ilitajwa tena na tena miongoni mwa sababu. Na anayekwenda mbali zaidi akazima injini kabisa, huyo amejinyima busta, amejinyima msaada wa usukani, na akizungusha ufunguo kupita kiasi usukani unajifunga.

Dawa ya mteremko ni gia nzito. Injini ya petroli ukiiachia eksileta inavuta hewa kupitia mlango uliofungwa, inapata shida, na shida hiyo ndiyo inayoyashikilia magurudumu. Kadiri gia inavyokuwa nzito ndivyo injini inavyozunguka haraka na kushikilia zaidi, na joto lake linatoka kwa rejeta na ekzosti, mbali na breki zako. Utasikia injini ikinguruma kwa mizunguko 3,000 au 4,000. Abiria watakutazama. Waache watazame. Mradi mshale haujaingia kwenye rangi nyekundu, injini haiumii.

Kwenye Noah yako kuna hatua tatu. Kuna kitufe cha O/D pembeni ya gia. Ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka na gari linaacha gia ya nne, hiyo inatosha kwa vilima vidogo. Kwa mteremko wa kweli vuta hadi 2. Ukiwa umejaza au uko nyuma ya lori linalotambaa, na gari linaendelea kuongeza mwendo hata likiwa 2, punguza kwanza kwa breki hadi chini ya kilomita 30 hivi, kisha vuta L. Wenye magari ya haibridi wana B, wenye giaboksi za CVT mara nyingi wana S au B au L, na kazi yake ni hii hii. Wa manyuo (gia za mkono) wanaijua kanuni ya wazee, kwamba shuka na gia ambayo ungepandia. Naikubali kwa nusu, maana magari ya siku hizi yana injini zenye nguvu zinazopanda kwa gia nyepesi. Ongeza uzito wa gia moja juu ya hapo.

Muhimu kuliko namba ya gia ni mahali unapoibadilisha. Ibadilishe juu, kabla barabara haijainama. Ukitoka Iringa, ukishapita Ilula anza kujiandaa, na ukikiona kibao cha mteremko mkali mwendo uwe umeshashuka na gia iko tayari. Aliyeanza kushuka kwa kasi akiwa D, kisha akakumbuka 2 katikati ya kona za Kitonga, mwamba kushoto au kulia na korongo upande wa pili, amechelewa. Giaboksi nyingi za kisasa hazitakubali gia nzito mpaka mwendo upungue, na mwendo haupungui kwa sababu breki ndizo zilizochoka.

Gia nzito peke yake huenda isitoshe, utahitaji breki pia. Tofauti iko kwenye namna ya kukanyaga. Usiulaze mguu kwenye pedali njia nzima kwa kukanyaga kidogo kidogo, kama ulivyofanya. Chagua mwendo, tuseme 40. Gari likifika 40 kanyaga kwa uthabiti hadi 30, kisha ondoa mguu kabisa. Likipanda tena hadi 40, rudia. Joto linalozalishwa halipungui sana kwa hesabu, lakini kila ukiachia, hewa inapita kati ya pedi na diski, breki zote nne zinagawana kazi vizuri, na wewe unapata habari. Mguu uliolala juu ya pedali hautambui kwamba pedali imeanza kushuka. Mguu unaokwenda na kurudi unalitambua badiliko la sentimita moja.

Na lori lililokuwa mbele yako lilikuwa sahihi, hata kama lilikukera. Malori makubwa yanatumia breki za upepo, na dereva wake anajua kwamba dramu zikipata joto zinatanuka, viatu vinalazimika kusafiri mbali zaidi kuzifikia, na breki zinapungua hata kama upepo umejaa kwenye tangi. Kwa hiyo anashuka kwa gia nzito na breki ya ekzosti, mwendo wa kinyonga. Kosa ni kumganda nyuma. Mwache aende mbele sana, sekunde kumi na zaidi, uweze kushuka kwa mwendo wako mwenyewe badala ya kukanyaga kila anapokanyaga yeye. Bora zaidi, ukimkuta pale juu anaanza kushuka, ingia pembeni mahali pa salama, nunua nyanya za Ilula, mpe dakika kumi. Lori lililo nyuma yako likinuka moshi wa breki na taa zake zikimulika bila mpangilio, tafuta pa kumpisha mara moja. Usibishane naye kwa honi.

Ikikutokea tena, Mungu apishe mbali, fanya kama ulivyofanya na uongeze haya. Pampu pedali kwa haraka na kwa nguvu. Wakati huo huo vuta gia hadi 2, mwendo ukipungua vuta L. Washa taa za hatari, piga honi mfululizo. Usizime injini. Kisha handbreki. Wengi wanaiogopa kwa sababu wamesikia gari linapinduka. Handbreki inavutwa kwa waya, haitegemei mafuta hata kidogo, kwa hiyo mafuta yakichemka yenyewe ipo, ingawa dramu zilizopata moto hazitashika kama zilivyo baridi. Kinachopindua au kuzungusha gari ni kuivuta yote kwa mkupuo magurudumu ya nyuma yakafunga, hasa kwenye kona. Bonyeza kitufe chake na kidole kibaki kimebonyeza, vuta kidogo kidogo penye barabara iliyonyooka, ukihisi nyuma inayumba legeza. Zile za kukanyaga kwa mguu wa kushoto hazina ustaarabu huo, kanyaga hatua kwa hatua huku mkono uko kwenye kiachio. Za umeme, kwenye magari mengi, ukiishikilia swichi bila kuiachia kompyuta inalisimamisha gari yenyewe.

Vyote vikishindikana, chagua cha kugonga kabla hakijakuchagua. Egemea upande wa mlima, paka bodi kwenye ukingo wa udongo au tumbukiza magurudumu kwenye mtaro wa upande huo kwa pembe ndogo. Bati linanyooshwa kwa mafundi wa Gerezani, Dar. Upande wa korongo hauna fundi.

Mkifika chini, mlifanya vema kupumzika. Ila msiegeshe na handbreki imevutwa kabisa wakati dramu bado za moto. Tafuta tambarare, weka P, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi. Wala mtu yeyote asizimwagie maji rimu zinazofuka moshi, diski inayopozwa ghafla inapinda au kupasuka, kisha utakuja kuniuliza kwa nini usukani unacheza ukifunga breki.

Sasa Mikumi, na hapo habari ni njema. Ule si ugonjwa. Ile ni ABS ikifanya kazi yake, na huenda ilikuwa mara yako ya kwanza kukutana nayo. Ukifunga breki kwa nguvu, gurudumu linaweza kuacha kuzunguka huku gari bado linakwenda. Gurudumu lililosimama linateleza, na linaloteleza halifuati usukani. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko wake, kompyuta ikiona moja linataka kufunga inalegeza mafuta ya breki ya upande huo na kuyarudisha, tena na tena ndani ya sekunde moja. Mafuta hayo yanayokwenda na kurudi ndiyo yaliyogonga mguu wako. Si teknolojia ya jana, Bosch waliiingiza kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978.

Kosa lilikuwa kuachia. Kwenye gari lenye ABS unakanyaga kwa nguvu zote, unavumilia mtetemo na kelele, unaendelea kukanyaga hadi gari lisimame, na macho na usukani vinaelekea pale penye nafasi, si kwa nyani. Kupampu, kulikokuokoa Kitonga, hapa kungekuongezea umbali. Pedali iliyozama inapampuliwa, pedali inayotetemeka inashikiliwa. Hata hivyo ABS haifuti hesabu za mwendo. Ukiwa 80 unasafiri mita 22 kila sekunde, na sekunde moja hivi inaishia kwenye kushtuka tu kabla mguu haujagusa pedali. Kwenye lami kavu jumla inafika karibu mita 60. Ukiwa 40 ni kama 20. Mle hifadhini barabara kuu inapita katikati ya wanyama kwa kilomita 50 hivi, na vibao vya mwendo vimewekwa kwa hesabu hiyo. Kwenye kokoto na mchanga, ABS inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi lililofunga lingejikusanyia tuta la udongo mbele yake. Unachobaki nacho ni usukani.

Taa zake usizichanganye. Ya manjano ya ABS ikibaki inawaka, breki za kawaida zipo, umepoteza ulinzi wa kutofunga magurudumu tu, nenda gereji wiki hiyo. Ile nyekundu ya breki ikiwaka na handbreki umeshusha, egesha hapo hapo, inawezekana mafuta ya breki yamepungua. Zikiwaka zote mbili pamoja kwenye gari la kisasa, usiendelee na safari, maana hata ugawaji wa nguvu kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umekwisha, na magurudumu ya nyuma yakafunga kabla ya ya mbele.

Kabla ya Desemba rudi kwa fundi wako, na mweleze kisa kizima badala ya kumwambia tu akague breki. Mwombe afungue magurudumu yote manne. Pedi zilizoungua zinang'aa kama kioo au zina nyufa, hizo hazirudishwi hata kama bado nene. Zilizobaki chini ya milimita 3 zinatupwa. Aangalie viatu vya nyuma na marekebisho yake, kwa sababu viatu vya nyuma vikikaa mbali na dramu, breki za mbele zinabeba mzigo wa wenzao. Aangalie pistoni za kalipa kama zinarudi, moja iliyogoma inaiacha pedi ikisugua njia nzima tangu Dar. Aangalie hosi za mpira kama zimevimba. Kisha mafuta mapya.

Mengine mawili fanya mwenyewe nyumbani. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, washa injini. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Halafu injini ikiwa inanguruma na gari limesimama, kanyaga kwa uthabiti na ushikilie nusu dakika. Inatakiwa ibaki pale pale. Ikiendelea kuzama taratibu na hakuna mafuta yanayovuja chini, mipira ya ndani ya masta silinda imechoka, na hapo joto la Kitonga lilikuwa na msaidizi. Ukikuta hivyo usisubiri Desemba, na hadi ibadilishwe gari lisitoke hata kwenda sokoni.